Ukilishusha Gari, Usiyasahau Magoti

Leo nina neno na mtu mmoja, nanyi wengine mtasikiliza kama watu waliokaa kivulini huku mjomba akimsema mpwa wake. Mtu huyo ni kijana wa Kitui au Makueni aliyenunua gari dogo, liwe Subaru, Golf, Fielder au Mark X, akaliona limesimama juu mno, akalipeleka kwa fundi lishushwe. Sasa linapita Wote mjini likinyatia lami kama chui anayevizia mbuzi, na watu wanageuka kutazama. Sikulaumu, kijana. Mimi pia niligeuka.

Ila mpwa wangu hasa, mtoto wa dada yangu, alinipa somo Desemba iliyopita. Alitoka Nairobi na Impreza yake akija kula Krismasi nyumbani, upande wa Ikutha. Gari lilikuwa limeshushwa hata kidole hakipiti kati ya tairi na madigadi. Salama, Sultan Hamud, Emali, Makindu, kote huko alikuja vizuri. Alipofika Kibwezi akamchukua mama yake, shangazi wawili, gunia la mchele na madebe ya mafuta ya kupikia, akakata kushoto kushika barabara ya Kitui. Lami ile ni safi, gari likateleza. Kisha akaiacha lami na kuingia njia ya nyumbani: murramu, makorongo ya mvua, na mto wa mchanga wa kuvuka. Shimo la kwanza, ngo! La pili, ngo! La tatu, dada yangu akashika dari la gari kwa mikono miwili akauliza, "Mwanangu, kwani gari hili halina magoti?"

Wasikilizaji, nimesoma mengi kuhusu magari, lakini sijaona swali lililolenga kama hilo. Gari lina magoti. Magoti yake ni shoki, ambazo ndugu zetu wa Tanzania huziita shokapu. Na kijana yule alikuwa amelipigisha gari magoti, kisha akalitaka litembee vivyo hivyo na mzigo mgongoni.

Nianze na vyombo viwili ambavyo watu huvichanganya. Springi ndiyo inayobeba gari. Shoki karibu haibebi kitu. Gurudumu likigonga jiwe, springi hubanwa na kuihifadhi nguvu ya pigo. Ikiachwa peke yake itairudisha yote, na gari litapanda na kushuka, litapanda na kushuka, kama mtoto aliyeachiwa kitanda cha springi. Shoki ndiyo inayosema basi. Inasemaje? Chukua pampu ya baiskeli, ziba tundu kwa kidole, kisha sukuma. Umeusikia ule ukaidi? Ndani ya shoki kuna ukaidi wa namna hiyo, ila badala ya hewa kuna mafuta, yanayolazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo vya pistoni. Nguvu ya pigo hugeuka kuwa joto, na joto hutokea kwenye ganda la chuma. Ukitoka njia mbaya, iguse shoki kwa tahadhari: utajua kama imefanya kazi.

Basi springi na shoki ni mume na mke. Kiwandani waliozwa kwa vipimo: springi ya ugumu huu, shoki ya ukaidi huu, na urefu wa kwenda na kurudi unaowatosha wote wawili. Ukimbadilisha mmoja bila kumwuliza mwenzake, umevuruga nyumba.

Tuangalie sasa jinsi magari yanavyoshushwa huku kwetu. Njia ya kwanza ni msumeno wa umeme. Fundi anaitoa springi, anakata mzunguko mmoja, anairudisha, na gari limeshuka. Kazi ya alasiri moja. Lakini springi ikikatwa haibaki laini kama zamani. Kama ilikuwa na mizunguko 5 inayofanya kazi na ikabaki na 4, ugumu wake umepanda kwa asilimia 25. Ili shoki iweze kuituliza kama awali, ingehitaji ukaidi wa ziada wa takribani asilimia 12, nayo ni ile ile ya zamani, tena pengine imekwisha kuchoka. Na kuna jambo baya zaidi: springi iliyokatwa ni fupi. Gurudumu likining'inia juu ya korongo, springi inaweza kulegea na kutoka kwenye kikombe chake. Ikirudi upande, Mungu ndiye anayejua utakapoishia.

Njia ya pili ni moto wa gesi. Springi inachomwa mpaka iwe nyekundu, inajikunja, gari linashuka. Chuma cha springi kilipewa ukakamavu wake kwa joto lililopimwa kiwandani. Ukikichoma kiholela umeuondoa, na springi itaendelea kulala mwezi hadi mwezi, upande huu zaidi ya ule. Kwa hizo njia mbili sina ushauri wa kurekebisha. Ushauri wangu ni springi hizo zitupwe, zinunuliwe nyingine.

Njia ya tatu ndiyo ya mpwa wangu, nayo ndiyo inayowadanganya walio makini. Alinunua springi fupi nzuri, zilizoundwa kwa kazi hiyo, akazifunga juu ya shoki za zamani. Hesabu yake ilikuwa hivi. Tuseme shoki ilikuwa na sentimita 8 za kushuka kabla ya kugonga ule mpira wa ndani ambao mafundi huuita bampu stopa. Gari likishushwa sentimita 4, zinabaki 4. Mpakie dada yangu, shangazi wawili, gunia na madebe, gari linalala sentimita 3 nyingine. Imebaki sentimita 1. Sentimita moja ya goti, kwenye njia ya Ikutha! Kila shimo linapeleka pigo moja kwa moja kwenye mpira, kutoka kwenye mpira hadi kwenye bodi, na kutoka bodi hadi kwenye uti wa mgongo wa abiria. Ndiyo ile ngo. Na shoki inayofanyia kazi chini kabisa ya urefu wake hufa mapema: pistoni inagonga, sili inachoka, mafuta yanavuja.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe. Zamani huku kwetu hakuna aliyewaza kushusha gari. Aliyetoka Kibwezi kwenda Mutomo alifika na vumbi kwenye kope. Leo kuna barabara ya kilomita 192 kutoka Kibwezi kupitia Ikutha, Mutomo na Kitui mpaka Migwani, na upande wa Makueni lami imeunganisha Wote na Makindu. Lami ndiyo iliyoleta tamaa hii ya magari ya chini, na tamaa hiyo naielewa. Lakini, kijana, lami imefika dukani, haijafika nyumbani. Safari ya kilomita 200 za lami na 6 za murramu ni safari ya murramu. Gari hupimwa kwa kilomita mbaya kuliko zote katika njia yake, kama vile mtungi unavyopimwa kwa ufa wake.

Na usidhani hii ni hoja ya wazee wasiopenda urembo. Watazame wenye mashindano. Mbio zetu za Safari zilianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari. Mkenya Patrick Njiru alimaliza wa nne mwaka 1994 akiendesha Subaru Impreza. Colin McRae akashinda na Impreza mwaka 1997, na Richard Burns akafanya hivyo mwaka 2000. Impreza hizo za ushindi hazikuwa zimeshushwa. Zilisimama juu, shoki zake ndefu, chini zimevikwa bamba la chuma. Timu hiyo hiyo ilipokwenda kwenye mashindano ya lami huko Ulaya, Impreza ilishushwa ikalalia barabara. Aliyeamua kimo cha gari ni barabara. Wenye fedha na wahandisi wote wale hawakujaribu kubishana nayo.

Hata huko California, ambako vijana wenye asili ya Meksiko walikuza sana utamaduni wa magari ya chini, mambo hayakuwa rahisi. Sheria ya mwaka 1958 ilikataza sehemu yoyote ya gari kushuka chini ya ukingo wa rimu. Wakatia pampu za haidroliki: polisi akitokea gari linainuka, akipita linalala. Yaani hata wao waliona kwamba gari la chini linahitaji namna ya kuinuka. Katazo lile lilikuja kuondolewa mwaka 2024.

Hapa kwetu anayeinua gari ni mwenye Probox. Gari hilo, lililotoka Japani mwaka 2002 likiwa la kubebea mizigo midogo, huku limekuwa matatu, lori na ambulensi, na wenyewe hulitia speisa juu ya springi lipite makorongo. Nao niwaambie: mkiinua kupita kiasi, mnaziacha shoki zimenyooka mpaka mwisho, hazina pa kurefukia gurudumu linapoingia shimoni. Goti lililonyooka kabisa huumia sawa na lililokunjwa kabisa.

Basi ukitaka gari lako liwe chini kidogo na liendelee kufika nyumbani, ufanyeje? Nunua shoki na springi zilizooana. Muuzaji akuambie shoki hii ilitengenezwa kwa springi ya kushusha kiasi gani. Shoki ya aina hiyo huwa fupi, ili pistoni ikae katikati ya njia yake hata gari likiwa chini, na ukaidi wake huwa umeongezwa uendane na springi ngumu. Kwa njia zetu, mimi nisingeshusha zaidi ya sentimita 2 au 3. Magari mengi madogo yana nafasi ya sentimita 13 hadi 16 tu kati ya tumbo na barabara, na tuta la barabarani, hata lililojengwa kwa vipimo vya wahandisi, huwa na kimo cha kati ya sentimita 7 na 10. Yale ambayo wanakijiji hujijengea baada ya mtoto kugongwa, hayo hayana kipimo.

Utaulizwa dukani: ya mafuta au ya gesi? Ya bomba mbili au bomba moja? Usiitikie tu. Shoki ya bomba mbili ina ganda la nje na silinda ndani yake. Pistoni hutembea kwenye silinda ya ndani. Ya bomba moja ina ganda moja tu, na gesi ya nitrojeni iliyoshindiliwa mara 20 au zaidi ya hewa tunayovuta. Gesi hiyo huyazuia mafuta yasitoe povu yanapopata joto, maana povu halina ukaidi. Uvumbuzi wake ni wa Mfaransa Christian Bourcier de Carbon, na kampuni ya Bilstein ya Ujerumani ndiyo iliyouingiza kiwandani kwa ajili ya Mercedes-Benz mwaka 1957. Ni shoki nzuri kwenye mwendo mrefu na joto. Ila jiwe la murramu likibonyeza ganda lake, mara nyingi pistoni inakwama, kwa kuwa inatembea kwenye ganda hilo hilo. Ya bomba mbili ikibonyea kidogo huendelea na kazi. Kwa hiyo anayekaa lamini achague ya bomba moja akipenda. Anayerudi Kathonzweni ndani au Mutomo ndani kila wiki, ya bomba mbili yenye gesi kidogo itamfaa, tena kwa bei nafuu.

Wapo watakaokuuzia koilova, ile shoki yenye nyuzi nje ambayo unazungusha pete gari lipande au lishuke. Ni chombo kizuri mikononi mwa mtu mwenye subira. Vumbi letu jekundu likiingia kwenye zile nyuzi na kunyeshewa, pete inaganda kama saruji. Zisafishe kwa brashi, zipake grisi, zifunike. Na kile kifundo cha kuongeza ukaidi, usikizungushe mpaka mwisho ukidhani umenunua ubora. Kwenye murramu iliyofanya mbavu kama ng'ombe wa kiangazi, shoki kali mno haimalizi kunyooka kabla pigo jingine halijafika. Linakuja la pili, la tatu, la nne, na kila mara gari linazidi kulala, mpaka linasimama juu ya mpira wa bampu stopa. Wewe unasema shoki ni mbovu, kumbe umeifunga pumzi. Legeza kifundo, tairi lishike ardhi.

Kwenye kufunga, simama hapo hapo gereji utazame. Shoki hubadilishwa mbili mbili, za mbele pamoja au za nyuma pamoja. Badilisha na maunti ya juu, bampu stopa na mpira wa kuzuia vumbi. Ukimwona fundi amekamata ile fimbo ing'aayo ya pistoni kwa koleo, mkomeshe: mkwaruzo mdogo kwenye fimbo utakata sili kila gari linapocheza, na baada ya wiki chache utaona mafuta. Boliti za bushi, ile mipira ya maungio, zikazwe mwisho gari likiwa chini, limesimama kwa uzito wake, la sivyo bushi zitakaa zimejipinda. Kisha paipu za breki ziangaliwe zisivutwe wala kusugua tairi, taa za mbele zirekebishwe, na magurudumu yapangwe, ile kazi iitwayo alainimenti. Gari lililoshushwa huyainamisha magurudumu yake ndani kwa juu. Usipoyapanga, tairi litaliwa upande wa ndani usikoona, na utaligundua likipasuka kwenye mteremko wa Mbooni au Kilungu.

Wale wanaotoboa shoki iliyokufa, wakatia mafuta mapya na kuchomelea tundu, nawaomba kwa heshima ya ufundi wao wakae mbali na shoki ya gesi. Shinikizo lile likikutana na moto, hatutazungumza tena habari ya gari.

Na bandia zipo. Mimi mwenyewe niliuziwa shoki za jina kubwa la Kijapani, boksi linang'aa, duka sitalitaja. Miezi miwili, mafuta chini. Nilipozilinganisha na zile za zamani nilizong'oa, mpya zilikuwa nyepesi mkononi. Tangu 2008 tuna sheria dhidi ya bidhaa bandia, na mamlaka yake ipo, lakini mlinzi wa kwanza ni mkono wako. Nenda dukani na shoki ya zamani. Pima uzito, linganisha nambari, dai risiti na udhamini wa maandishi. Anayekataa kukuandikia amekwisha kukujibu.

Tena, Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka gari lililo barabarani liwe katika hali isiyohatarisha watu. Na ukibadilisha muundo wa gari, mwarifu mwenye bima yako kabla ya ajali. Baada ya ajali maelezo hayo hayana mnunuzi.

Utajuaje kama shoki zimechoka? Wengi hukandamiza pembe ya gari na kuachia. Likinesa zaidi ya mara moja na nusu, wanasema shoki imekufa. Ni kweli, lakini jaribio hilo hutambua maiti, halitambui mgonjwa. Mgonjwa utamjua kwa tairi lililoliwa vipande vipande, bonde na kilima. Kwa pua ya gari kuzama ukipiga breki. Kwa gari kuyumba lori likikupita pale Mtito Andei. Na kwa unyevu wa mafuta uliokamata vumbi kwenye ganda la shoki.

Mpwa wangu aliziuza zile springi. Alinunua seti moja iliyooana, gari likashuka sentimita 2 na nusu tu kutoka kimo cha kiwandani. Bado linapendeza. Pasaka, mvua ikinyesha, alimpeleka mama yake nyumbani, na safari hii dada yangu hakushika dari.

Basi wewe unayenisikiliza, kabla hujamlipa fundi, fanya hivi. Jaza tangi. Pakia watu unaowabeba kweli, na gunia unalolibeba kweli. Nenda mpaka pale pabaya kuliko pote katika njia ya kwenu, simama, shuka na tepu, upime nafasi iliyobaki kati ya tumbo la gari na ardhi. Iandike hiyo nambari kwenye karatasi. Hiyo ndiyo umpelekee fundi, usimpelekee picha ya gari la mtu mwingine.